Mtoto alizaliwa amechoka, sasa ana miaka 7 na mwalimu anasema ni ADHD: nianzie wapi hapa Tanga?

Chumbageni_Mama

Habari zenu wadau. Naomba mwongozo kwa wanaoijua habari hii, hasa walio Tanga mjini.

Mtoto wa kiume, miaka 7 na miezi 3, darasa la pili. Uchungu ulipita saa 24, akavutwa kwa vakyumu, hakulia. Akapuliziwa hewa kwa mfuko, akalazwa wodi ya watoto wachanga siku 6, oksijeni na sindano. Karatasi ya kuruhusiwa inasema Apgar (alama za hali ya mtoto akizaliwa) 4 dakika ya kwanza, 7 dakika ya tano. Degedege haikuandikwa. Alikaa na miezi 8, akatembea na miezi 16, kuongea hakuchelewa.

Sasa hivi hatulii, hamalizi kazi, anadakia maneno ya watu, penseli 3 zimepotea wiki hii, barabara anaivuka bila kutazama. Kuna wakati anazubaa tu. Mwalimu kaandika kwenye daftari: apelekwe akapimwe ADHD, ile hali ya kukosa umakini na kutotulia.

Ninachouliza: ni ule uzazi? Apigwe picha ya kichwa? Naanzia mlango gani? Na nyumbani nishike wapi wakati nasubiri? Bibi yake anasema ni jini, baba yake anasema ni fimbo hazijatosha.

Zamu_ya_Usiku

Pole na hongera, dada. Hiyo karatasi ya kuruhusiwa itunze kama hati ya kiwanja, itoe kopi mbili. Wazazi wengi hawana hata kadi ya kliniki ya mtoto.

Tuisome hiyo Apgar. Inatazama mambo matano: rangi, mapigo ya moyo, kushtuka akiguswa, ukakamavu wa viungo, na kupumua. Kila moja alama 0 hadi 2. Mtoto wa alama 4 dakika ya kwanza kweli alizaliwa amechoka, lakini kufika 7 dakika ya tano maana yake aliitikia hewa aliyopuliziwa. Kinachotutia hofu zaidi ni alama zinazobaki chini dakika ya tano na ya kumi, halafu degedege siku za mwanzo, kulegea, na kushindwa kunyonya. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza: uzazi mgumu unaongeza uwezekano, na kuzaliwa njiti au na uzito mdogo kunaongeza zaidi, lakini ADHD kwa sehemu kubwa hutembea kwenye damu. Muulize bibi yake, kwa upole, baba wa mtoto alikuwaje akiwa darasa la pili. Usishangae ukisikia "alikuwa hivi hivi".

Historia ya uzazi kazi yake ni nyingine: inatuonyesha pa kuchungulia kabla ya kulibandika jina.

Masikio kwanza. Mtoto mchanga aliyelazwa mara nyingi hupewa gentamaisini, na dawa hiyo inaweza kudhuru usikivu. Manjano kali nayo hudhuru. Asiyesikia vizuri hugeuka mtukutu darasani kwa sababu nusu ya maneno hayamfikii. Apimwe kwa mashine ya kupima usikivu, siyo kwa kupiga makofi nyuma ya kisogo. Kisha macho, kwa ubao wa herufi.

La tatu ni huko kuzubaa, na hapa nakuomba uwe makini kweli. Kuna kifafa kisichoangusha. Mtoto anakatika katikati ya sentensi, macho yametulia sehemu moja au kope zinachezacheza, sekunde 5 hadi 20, halafu anaendelea kama hakikutokea kitu. Ukimgusa bega hashtuki, ukimtaja jina haitiki. Anayewaza mambo yake ukimgusa anarudi. Mrekodi kwa simu, vipande viwili vitatu vinatosha. Kikifanana na kifafa ndipo kipimo cha umeme wa ubongo kinahitajika, siyo kabla.

La nne, mikono. Mpe shati afunge vifungo, mpe kijiko, tazama anavyoshika penseli. Waliochoka wakizaliwa wengine hubaki na mikono mizito bila mtindio wa ubongo ulio wazi. Kuandika kunawachosha, wanaacha, wanaonekana wavivu.

Zaidi ya hayo, ya kawaida yanayosahaulika: wingi wa damu na madini ya chuma (usimpe vidonge vya chuma kwa kukisia, apimwe), selimundu kama hajawahi kupimwa, minyoo, na kukoroma. Anayekoroma kila usiku na kulala mdomo wazi anaweza kuwa na nyama za pua. Usingizi mbovu unazaa utukutu ule ule. Nyongeza kwa wasomaji wengine: mtoto anayetumia fenobabitoni kwa ajili ya kifafa anaweza kuchangamka kupita kiasi kwa sababu ya dawa yenyewe. Msiikatishe wenyewe, mwambieni daktari.

Picha ya kichwa haionyeshi ADHD. Inapigwa kama kuna upande mmoja dhaifu, kifafa, kichwa kinachokua isivyo kawaida, maumivu ya kichwa ya asubuhi na kutapika, au mtoto anayepoteza alichokuwa anakijua. Kwa uliyoeleza, sioni haja. Pesa hiyo ibaki ya nauli.

Mlango: anzia kituo cha afya kilicho karibu, upate barua ya rufaa kwenda Bombo, hospitali ya mkoa. Ukifika ulizia kliniki ya watoto na pia kitengo cha afya ya akili. Wengi huishia mlango mmoja. Ikishindikana hapo, rufaa huenda hospitali kubwa: Muhimbili (Dar es Salaam) au KCMC (Moshi).

Daktari atakachotafuta ni hiki: dalili zimedumu miezi 6 au zaidi, zilianza kabla ya miaka 12, zinaonekana sehemu mbili au zaidi (nyumbani na shuleni), na zinamharibia maisha. Kuna orodha mbili za dalili tisa tisa, moja ya kukosa umakini na nyingine ya kutotulia na kukurupuka. Kwa umri wake anahitaji kufikisha sita kwenye orodha moja. Akiwa mtukutu darasani tu na nyumbani katulia, shida itafutwe darasani.

Pweza_Mkavu

Mnazunguka sana. Mwondoeni sukari: soda, ashkirimu, visheti. Na kombe (maji yaliyooshewa aya) siku saba. Mtatulia wote.

Zamu_ya_Usiku

Mzee wangu, sukari imepimwa kwa majaribio ambayo hata mzazi hajui mtoto kapewa sukari ipi, ya kweli au ya bandia, tabia haikutofautiana. Soda ipunguzwe kwa ajili ya meno, hapo tuko pamoja. Kombe ni imani ya mtu na sina ugomvi nayo, mradi maji ni safi na vipimo havisimami. Ninachokataa ni chale kwa wembe wa kushirikiana, kumfukiza mtoto mwenye pumu, na dawa za kienyeji zisizojulikana kipimo, maana ini la mtoto ni dogo.

Chaki_Nyeupe

Mimi nakuja upande wa shule. Mama, usipeleke neno "ADHD" peke yake kwa mwalimu, peleka maombi manne matano yanayowezekana kwa mtu mwenye watoto 80 na dawati la watatu.

La kwanza ni kukaa. Wote husema "mbele", lakini mbele katikati ya dawati ni kosa: kila akisimama anawapanda wenzake, unazuka ugomvi. Aombewe mstari wa mbele au wa pili, pembeni upande wa njia, mbali na mlango na dirisha, jirani awe mtoto mtulivu asiyemcheka.

Kazi ikatwe. Hesabu 20 ubaoni, yeye anakili 5, anapeleka, anasahihishiwa, anarudi na 5 nyingine. Safari ile ya kwenda kwa mwalimu ndiyo mwendo mwili wake unaoudai. Kufuta ubao, kugawa madaftari, kuchota maji ya kunawa, apewe yeye, tena kabla hajaanza vurugu. Ukimpa baada ya vurugu umemlipa.

Mapumziko asinyimwe. Ni adhabu inayotolewa sana, na vurugu hurudi baadaye ikiwa kali zaidi.

Kuhusu fimbo za baba yake, na za shule: Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko vinatolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, visizidi vinne, viandikwe kwenye kitabu. Mwalimu wa darasa kupiga kila siku kwa sababu penseli imepotea siyo utaratibu. Na hata ukiacha kanuni, haifanyi kazi kwa mtoto huyu kwa sababu moja: fimbo inamfundisha anayefikiri kabla ya kutenda, na yeye shida yake ndiyo hiyo, mkono unatangulia.

Penseli: kata mbili katikati zipatikane nne. Moja mfukoni, moja kwa mwalimu, mbili nyumbani. Ikipotea imepotea nusu.

Daftari dogo la nyumbani na shuleni, mwalimu aweke alama tu ya vema, asiandike insha. Mistari mitatu inatosha: alianza kazi, alimaliza, hakupiga mtu. Yakizidi matatu mwalimu ataacha wiki ya pili, nawajua wenzangu. Shule ikigoma, muone afisa elimu maalumu wa halmashauri. Ndiye anayejua walimu wenye mafunzo wako shule zipi.

Mazoezi_Tiba

Nyumbani sasa. Kosa linalorudiwa kila nyumba ni amri ya kutoka jikoni: "Wewe, kaoge, vaa, chukua begi, na ulete ile ndoo!" Kwa mtoto huyu inabaki ndoo tu, au haibaki kitu. Nenda hadi umguse, bega kwa mkono, subiri macho yakutane, sema maneno matatu manne: "Vaa shati sasa." Kisha nyamaza, hesabu tano moyoni. Hapo ndipo wazazi hushindwa, wanarudia sekunde ya pili na kumharibia. Muulize "nimesema nini?", akijibu mwache aende.

Asubuhi tumia kamba na vibanio vya nguo. Kamba fupi ukutani karibu na mlango wa bafu, vibanio vitano upande wa kushoto, kila kimoja na kipicha ulichochora: mswaki, ndoo, shati, kikombe cha uji, begi. Akimaliza jambo anasogeza kibanio kulia. Wewe huulizi "umeshaoga?", unasema "tazama kamba". Kibanio chenye picha mbili kinavuruga. Kimoja, jambo moja. Ukiona kila siku anakwama kwenye kile kile, jambo hilo ni kubwa, ligawe. "Vaa" kwa mwenye mikono mizito ni mambo matatu: suruali, shati, vifungo.

Malipo: vifuniko vya soda kwenye kopo. Anza na jambo analoliweza mara nane kati ya kumi, siyo lile linalokuudhi. Kifuniko mkononi papo hapo; vifuniko 10, dakika 15 za baiskeli. Mambo matatu huua mpango huu. Ahadi ya mbali ("Ijumaa nitakununulia") haimfikii. Kumnyang'anya alivyokwisha kupata kunamfanya avunje kopo, na mimi namwelewa. Halafu baada ya wiki mbili hivi utamu unaisha, badilisha zawadi, vifuniko viendelee.

Kazi za shule: ale, acheze nusu saa, ndipo mkekani akitazama ukuta, televisheni imezimwa hata kama ni taarifa ya habari. Dakika 10 za kazi kwa kengele ya simu, dakika 3 za mwili: kubeba ndoo ya lita 3 hadi kwenye pipa, au kuruka kamba. Mizunguko mitatu, basi. Isipoisha, andika kwenye daftari "dakika 30 zimetimia" na utie saini.

Kulala: kwa umri huu anahitaji jumla ya saa 9 hadi 12 za usingizi. Kama anaamshwa saa 11 na nusu alfajiri, saa 2 usiku awe kitandani, na simu ikae mbali tangu saa 1.

Barabara ndiyo inayonipa hofu kuliko yote, maana Ngamiani kuna baiskeli, bajaji na bodaboda vyote kwenye njia moja. Kumwambia nyumbani hakusaidii. Anaijua sheria, ila anapofika ukingoni haimjii. Mfundishe ukingoni penyewe, mara kumi kwa siku moja: miguu inasimama kwenye ukingo, mkono wako mgongoni, anasema kwa sauti "kulia, kushoto, kulia tena". Kulia kwanza kwa sababu magari yetu yanatokea huko. Akifikisha wiki mbili unaondoa mkono, siyo macho. Ufukweni Raskazone vilevile: hata akijua kuogelea, mtu mzima awe umbali wa mkono.

Chumbageni_Mama

Nashukuru sana, nimeandika yote. Yamebaki mawili. Dawa: nasikia zinamfanya mtoto kuwa zezeta. Na madrasa, anakaa mkekani saa 10 hadi saa 12 jioni, ustadhi kashalalamika mara tatu.

Zamu_ya_Usiku

Dawa inayotumika zaidi ni methilfenideti; wengine wanaijua kwa jina la Ritalin. Hutolewa kuanzia miaka 6, na daktari anayeijua, baada ya mazoea ya nyumbani na shuleni kujaribiwa. Kabla ya kidonge cha kwanza: uzito, urefu, presha, mapigo, na maswali mawili: amewahi kuzimia akikimbia? Kuna ndugu aliyekufa ghafla kwa moyo akiwa kijana? Kifafa kisemwe mapema.

Kawaida huanza miligramu 5 asubuhi, pengine na nyingine mchana, na daktari hupandisha kwa wiki kadiri anavyomwona. Kidonge cha kawaida hufanya kazi kwa muda wa kama saa 4. Cha jioni hakitolewi, usingizi utakimbia. Hamu ya chakula hupungua mchana, kwa hiyo mpe uji mzito wa karanga au maziwa kabla ya dawa, na chakula cha usiku kiwe kamili, siyo chai na mkate. Uzito na urefu viandikwe kila mnapokwenda kliniki. Dawa inapoisha mwilini, alasiri, baadhi huwa wakali kwa saa moja. Siyo tabia mpya, usimpige. Akiwa mkimya kupita kiasi, kama hayupo, dozi ni kubwa kwake, rudi ipunguzwe. Hilo ndilo zezeta ulilolisikia.

Ni dawa ya kudhibitiwa kimataifa tangu mkataba wa 1971, haiuzwi bila cheti cha daktari. Usiagizie kwa mtu wa basi la Mombasa. Uliza famasia ya hospitali mapema kama wanayo, ili usianze halafu ikatike. Na tafadhali, piritoni au diazepamu za kumlaza siyo tiba ya haya.

Mazoezi_Tiba

Madrasa ina faida moja ambayo shule haina: kusoma kwa sauti huku mwili unayumba. Baadhi ya watoto hawa hushika zaidi hivyo kuliko kwa kunakili. Mwombe ustadhi amsikilize aya moja moja badala ya kumngojesha mwisho wa mstari, amkalishe ubavuni kwake akiegemea ukuta (mgongo unaoelea unachoka, akichoka anajilaza kwa mwenzake), na saa 11 ainuke akajaze birika la udhu. Kama shule yake inatoka saa 9, ale kwanza. Wengi wanaoitwa watukutu saa 10 jioni hawajala tangu uji wa mapumziko.

Chumbageni_Mama

Jumatatu naenda kuchukua rufaa. Nibebe nini?

Zamu_ya_Usiku

Kadi ya kliniki, kopi ya karatasi ya kuruhusiwa, madaftari mawili ya shule (moja la mwanzo wa mwaka, moja la sasa), barua ya mwalimu yenye mifano badala ya neno "mtundu", zile video, na kumbukumbu za siku 14: saa, kilichotangulia, alichofanya, ulichofanya wewe. Ukiwa na siku 5 tu, nenda nazo hizo hizo.

Jambo moja litakalokushangaza. Chumba kigeni, daktari mgeni, watoto wengi wa namna hii hutulia tuli dakika 20 na mama anaonekana mzushi. Ndiyo maana ya video na madaftari. Kwenye benchi la kusubiri usimpe simu achezee. Mwache ashuke, azunguke, asome namba za milango, na daktari akipita amwone alivyo.